Koncheto ya ala ya kupuliza: maana yake na jinsi inavyotungwa

Koncheto ni utungo wa muziki uliokusudiwa mpigaji mmoja pamoja na okestra. Mpigaji huyo husimama mbele, karibu na kiongozi wa okestra, na utungo wote umejengwa juu ya uhusiano wake na wale wengi walioketi nyuma yake. Hakuna maneno, hakuna mwimbaji, na mara nyingi hakuna hadithi inayosimuliwa. Msikilizaji hufuatilia nani ana usemi sasa hivi, nani ananyang'anywa usemi huo, na anarudishiwa lini.

Aliyewahi kuhudhuria kwanjula, sherehe ya kumtambulisha muoaji kwa ukoo wa binti, hapa Buganda anaijua hali hiyo. Msemaji wa upande wa muoaji husimama peke yake mbele ya ukoo mzima wa binti. Anatoa hoja, ukoo unamjibu kwa pamoja, unambishia, unamzungusha, kisha unatulia ili asikike tena. Ukoo haukuja pale kumpigia makofi; una neno lake. Okestra ya koncheto ni vivyo hivyo. Mtunzi akiipa kazi ya kusindikiza peke yake, mwanzo hadi mwisho, alichotunga kinaweza kuwa kizuri sana, lakini nguvu ya koncheto hakimo.

Hapa nitazungumzia koncheto ambayo mpigaji wake anapuliza ala ya jamii ya mbao: fluti, obo, klarineti, basuni, na pia saksafoni. Jina la jamii hii lisikupoteze. Mwili wa saksafoni ni wa madini, na fluti za siku hizi nyingi ni za madini pia. Kinachoziunganisha ni namna sauti inavyozaliwa. Kwenye fluti, hewa inakatwa na ukingo wa tundu. Kwenye nyingine, hewa inautikisa utete, yaani kipande chembamba kinachoshikwa kwa midomo. Tarumbeta haimo, kwa sababu kule kinachotikisika ni midomo ya mpigaji mwenyewe.

Uganda, watu wengi wameziona ala hizi kwenye gwaride. Katika sherehe za Uhuru, 9 Oktoba, bendi za polisi na za jeshi zinapopita, ile safu ndefu ya watu wenye ala nyeusi zilizonyooka ni ya klarineti. Katika bendi ya namna hiyo klarineti hufanya kazi ambayo fidla hufanya katika okestra: nyingi kwa pamoja, zinabeba wimbo mmoja. Afande aliyepiga klarineti miaka mingi kambini anaijua ala yake vizuri, na pumzi yake ni ya kuaminika, lakini amezoea kuwa mmoja kati ya wengi. Mwenzake wa kulia akivuta pumzi, yeye anaendelea, na wimbo haukatiki. Koncheto inamwondolea mwenzake huyo.

Kwa hiyo anayetunga koncheto ya namna hii anaanza na pumzi. Anaweza kuwa na wimbo mtamu kichwani, anaweza kuzijua kanuni zote za mwafaka wa sauti, lakini asipopanga mahali pa kupumua hana utungo. Mpiga fidla akifika mwisho wa upinde anaugeuza na sauti inaendelea. Mpiga kinanda anaweza kupiga robo saa bila kujiuliza habari ya mapafu. Watunzi wengi wa kwetu wametokea kwenye kwaya na kwenye kinanda cha kanisani. Wale wa kwaya wana afadhali kubwa hapa, kwa kuwa wamezoea kuweka alama ya kupumua juu ya mistari ya do-re-mi. Wale wa kinanda ndio huandika sentensi za muziki zisizo na kituo.

Tena kila ala ina tabia yake ya pumzi, na tabia hizo zinatofautiana kuliko mtu anavyodhani. Fluti inakula hewa kuliko zote, kwa sababu sehemu ya pumzi inapita juu ya tundu na kupotea bila kuingia ndani. Sauti ndefu za chini, zikitakiwa kwa nguvu, humaliza pumzi upesi. Obo ni kinyume kabisa. Ina vipande viwili vyembamba vya utete vilivyofungwa pamoja, na nafasi iliyopo kati yake ni ndogo mno. Hewa inayopita ni kidogo, ila inasukumwa kwa shinikizo kubwa. Matokeo yake ni kwamba mpiga obo hufika mwisho wa sentensi akiwa na mapafu yaliyojaa hewa iliyokwisha kutumika, na mwili unadai nyingine. Lazima aitoe ile ya zamani kwanza, ndipo avute mpya. Anahitaji nafasi mbili pale ambapo mwingine angehitaji moja. Mtunzi asiyejua hilo humwandikia pumziko fupi, akidhani amemsaidia, kumbe muda huo unatosha kutoa hewa tu.

Mfano mkubwa wa suala hili ni koncheto ya obo ya mtunzi Mjerumani Richard Strauss. Mwaka 1945, vita vilipokwisha Ulaya, mwanajeshi wa Marekani aitwaye John de Lancie alimtembelea Strauss nyumbani kwake Garmisch, Ujerumani. De Lancie alikuwa mpiga obo wa okestra ya Pittsburgh kabla ya kuingia jeshini. Alimuuliza mzee yule kama amewahi kufikiria kutunga koncheto ya obo. Strauss, aliyekuwa amepita umri wa miaka 80, alijibu hapana, na maongezi yakaishia hapo. Lakini mwaka huohuo aliitunga, na ikapigwa mara ya kwanza Zurich mwaka 1946.

Inaanza na chelo, zile fidla kubwa za sauti ya chini, zikipiga nota nne ndogo zinazorudiarudia. Baada ya mizani mbili tu (mizani ni yale mafungu ya mapigo yanayotengwa kwa mistari wima kwenye karatasi), obo inaingia, na haitulii hadi zimepita mizani 56, karibu bila pumziko. Ni muziki unaoteleza, unaosikika kama hauna taabu yoyote. Ukiusikiliza huku ukijua habari za mapafu ya mpiga obo, utausikia kwa namna nyingine kabisa. Baadhi ya wapigaji huupita mwanzo huo kwa mbinu ya kuzungusha pumzi: hewa iliyohifadhiwa mashavuni inasukumwa kwenye ala huku mapafu yakijazwa kupitia puani. Wapiga zumari wa pwani, kule Lamu na Unguja, wanaijua mbinu hiyo. Zumari na obo ni ndugu. Zote zinapigwa kwa utete wa vipande viwili.

Simshauri mtunzi mchanga aige mizani 56. Ninachomshauri ni aimbe wimbo wake kwa sauti, akiwa amesimama, kwa mwendo uleule aliouandika, na aweke alama kila anapolazimika kuvuta pumzi. Kisha aangalie kama alama hizo zimeangukia mahali ambapo hata sentensi ya muziki yenyewe ingependa kukatika.

Jambo la pili ni kusikika. Okestra kubwa ina watu 70 au 80, na zaidi ya nusu yao wamekaa na fidla, viola, chelo na besi kubwa, ala zisizopumua. Mbele yao yuko mtu mmoja na bomba la mbao. Fidla ya mpigaji wa pekee hupanda juu kabisa na kuwapita wote. Kinanda kina nguvu zake. Fluti ikiwa katika okteva yake ya chini (okteva ni hatua nane za ngazi ya muziki) ina sauti nzuri sana, yenye joto, lakini fidla za pili zikipiga kwa nguvu katika eneo hilohilo, fluti haisikiki tena. Mpigaji akijitahidi kupuliza zaidi, sauti inaruka okteva ya juu.

Tuseme unataka wimbo wa fluti kwenye zile nota za chini. Zipeleke chelo na besi chini zaidi, zidonoe nyuzi kwa vidole badala ya kutumia upinde, ili kila sauti ife mara inapozaliwa. Fidla zipandishe juu, zishike nota ndefu kwa upole mno, watu wachache tu kati yao. Katikati pabaki patupu, na fluti ikae pale. Huhitaji kumwambia mpigaji apulize kwa nguvu. Huo ndio ufundi wenyewe, na ni wa kuondoa zaidi kuliko kuongeza. Basuni inahitaji uangalizi huohuo kwa upande wa chini, maana chelo na honi (ala ya shaba iliyopindwa mviringo) huishi katika eneo lake la katikati na huifunika kwa urahisi.

Tazama alivyofanya Mozart. Koncheto yake ya klarineti aliimaliza mwaka 1791, miezi michache kabla ya kufariki Desemba mwaka huo. Okestra aliyoichagua ina fluti mbili, basuni mbili, honi mbili na ala za nyuzi. Obo hakuziweka, tarumbeta hakuziweka, ngoma hakuziweka. Ameondoa kila chenye sauti kali ya kushindana na klarineti. Katika sehemu ya pili, ile ya polepole, klarineti inaanza wimbo ikiwa na ala za nyuzi tu zinazopiga kwa upole, mizani nane. Kisha okestra nzima inaurudia wimbo uleule kwa nguvu, mizani nane nyingine. Hakuna kilichoongezwa kwenye wimbo. Lakini maana imebadilika: kilichosemwa na mtu mmoja sasa kinasemwa na wote, na mtu huyo amepata nafasi ya kupumua.

Wapo waliochagua kinyume, kwa makusudi. Carl Nielsen wa Denmark, katika koncheto yake ya klarineti ya mwaka 1928, aliweka basuni mbili, honi mbili, ala za nyuzi, na ngoma ndogo ya gwaride. Ngoma hiyo haipo kwa ajili ya mapigo tu. Inamkatiza mpigaji, inamchokoza, klarineti inapandisha hasira, na ugomvi unaendelea karibu utungo mzima. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo koncheto ambayo mpiga bendi wa kwetu angeielewa haraka kuliko zote, kwa sababu klarineti na ngoma ya gwaride ni watu wa nyumba moja. Aaron Copland wa Marekani alichagua ala za nyuzi, kinubi na kinanda, bila mpulizaji mwingine yeyote, katika koncheto aliyoombwa na mpiga jazi Benny Goodman na kuikamilisha mwaka 1949.

Utaona kwamba majina ya wapigaji hayaachi kujitokeza. Mozart alimwandikia Anton Stadler, aliyekuwa na klarineti iliyoongezwa urefu ili ishuke nusu toni nne chini ya ile ya kawaida (nusu toni ni hatua ndogo kabisa kati ya nota mbili za okestra). Mtunzi Carl Maria von Weber alimwandikia Heinrich Baermann koncheto mbili mwaka 1811. Nielsen alimwandikia Aage Oxenvad. Mtunzi wa koncheto anafanya kazi na mtu maalumu, anajua vidole vyake, anajua ni nota ipi inamtoka vizuri na ipi inampa shida. Klarineti hasa inadai urafiki wa namna hiyo, kwa sababu ina sauti tatu katika bomba moja: chini ni nzito na yenye kiza, juu inang'aa, na katikati kuna nota chache dhaifu zenye ukungu. Ukipuliza fluti kwa nguvu zaidi inaruka hatua nane za ngazi ya muziki, yaani okteva. Klarineti inaruka hatua kumi na mbili, na kuvuka mpaka ule kunahitaji vidole karibu vyote kusogea kwa mara moja. Kifungu cha haraka kinachokwenda na kurudi juu ya mpaka huo kinaweza kuonekana chepesi kwenye karatasi, na mpigaji akakiota usiku.

Kuhusu umbo, sitakaa sana. Tangu enzi za Vivaldi, aliyeacha koncheto zaidi ya 30 za basuni peke yake, mpango wa kawaida ni sehemu tatu: ya haraka, ya polepole, ya haraka tena. Katika zama za Mozart okestra hutangulia, inatandaza nyimbo kuu, ndipo mpigaji anaingia. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza okestra husimama kabisa na mpigaji hubaki peke yake. Kipande hicho huitwa kadenza. Zamani mpigaji aliibuni papo hapo, baadaye watunzi wakaanza kuiandika. Hiyo ni desturi, si amri. Koncheto ya Nielsen haikatiki katikati. Ya Copland ina sehemu mbili zilizounganishwa na kadenza. Utungo wa dakika 10 unatosha kuitwa koncheto, na ule wa Mozart unakaribia nusu saa.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu Uganda si nchi inayoanza kujifunza kupuliza. Baganda wana endere, filimbi ya matundu manne iliyokatwa pengo kwenye ncha yake ya juu, na Banyankole wana omukuri, filimbi ambayo wachungaji waliipiga malishoni. Kabaka alikuwa na kikundi chake cha wapiga filimbi, abalere, wenye filimbi za ukubwa tofauti pamoja na ngoma. Matundu manne yanatoa nota tano, na kwa kupuliza zaidi unazipata tena okteva ya juu. Kwa hiyo tuna ala ya mbao, tuna wapigaji, tuna hata desturi ya filimbi kusikika juu ya ngoma.

Pia tuna desturi inayokwenda kinyume kabisa na koncheto, na mtunzi wa hapa anapaswa kuijua. Katika amakondere ya Bunyoro na Toro, na katika bigwala ya Basoga, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kila baragumu la kibuyu lina nota yake. Wimbo unapatikana kwa wapulizaji kupokezana, kila mmoja akiingia pale nota yake inapohitajika. Hakuna anayeumiliki wimbo mzima, na kila mtu ana muda wa kupumua. Koncheto inampa mtu mmoja kila kitu. Nadhani kati ya hali hizi mbili kuna muziki mwingi ambao haujatungwa bado: okestra inayopokezana nota mojamoja kama bigwala, na katikati yake mpulizaji mmoja anayeubeba wimbo mzima, mpaka anapoishiwa pumzi na wale wengi wanaupokea kipande kwa kipande.

Mbinu ya amadinda, ala ya magogo ya Baganda, nayo inafaa sana. Wapigaji wawili wanakaa pande mbili za magogo, nota za mmoja zikiangukia katikati ya nota za mwenzake, na sikio linasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Viola na chelo zikidonolewa kwa mtindo huo zinatoa mwendo wa haraka usio mzito, wenye nafasi za kutosha kwa fluti au klarineti kupita juu yake. Mtunzi wa Uganda Justinian Tamusuza ameonyesha kwamba ala za nyuzi za Kizungu zinaweza kuyabeba mawazo ya Kiganda. Sehemu ya utungo wake wa ala nne za nyuzi, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, ilirekodiwa na Kronos Quartet, kikundi cha Marekani cha wapiga nyuzi wanne, katika albamu iliyotoka mwaka 1992. Kabla yake Joseph Kyagambiddwa alikuwa ametunga oratorio, utungo mrefu wa kuimbwa wenye hadithi takatifu, ya Mashahidi wa Uganda, mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Njia imekwisha kufunguliwa.

Kikwazo cha kweli ni ulinganifu wa sauti. Ngazi ya Kiganda inaigawa okteva hatua tano zinazokaribia kulingana. Okestra inaigawa nusu toni 12. Kwa hesabu, hatua moja ya Kiganda ni kubwa kuliko toni nzima na ndogo kuliko toni moja na nusu, kwa hiyo nota nyingi za endere zinaangukia kati ya nota za okestra. Ukiiweka endere mbele ya okestra bila kufikiri, msikilizaji atadhani mmoja wao amekosea. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza endere inayofuata nota za okestra, jambo ambalo mafundi wengi wanalifanya ili ipigwe pamoja na gita na kinanda. Hiyo ni rahisi, lakini inaiondolea endere kile kilichokuwa chake. Ya pili ni kuiacha endere na sauti yake, na kutunga okestra ya ala za nyuzi peke yake, kwa kuwa vidole vya mpiga fidla vinaweza kuangukia popote kwenye uzi na kuifuata endere. Ni kazi ngumu ya mazoezi, na mimi ningeichagua hiyo. Wapulizaji wengine na kinanda wakae nje.

Yapo pia mambo ya mezani. Wengi sasa hutunga kwa MuseScore, programu isiyolipiwa, na ni msaada mkubwa. Lakini fluti ya kompyuta haichoki, haipumui, na inasikika hata juu ya tarumbeta nne. Usiiamini katika suala la pumzi wala la kusikika. Kumbuka pia kwamba klarineti ya kawaida ya bendi, ile ya Bi flati, ikisoma Do inatoa sauti iliyo toni moja chini. Karatasi yake huandikwa toni moja juu.

Na kwa kuwa okestra ni chache, hata Kampala yenye Kampala Symphony Orchestra, andaa mapema nakala ya pili ambamo sehemu yote ya okestra imefupishwa iwe ya kinanda. Koncheto nyingi duniani hujifunzwa na kusikika kwanza kwa njia hiyo, mpulizaji mmoja na mpiga kinanda mmoja katika ukumbi wa shule au wa kanisa. Mpe mpulizaji karatasi zake na penseli, umwachie wiki kadhaa. Atakaporudi atakuwa ameweka alama zake mwenyewe za kupumua, na baadhi zitakuwa mahali ambapo hukukusudia. Zifuate, rekebisha mizani hizo, na sehemu ya okestra uirekebishe pamoja nazo kabla hujatoa nakala za wapigaji wengine.